Mkoba wa Bungoma Uliolala Barazani

Mkoba wenyewe ulifika Mombasa siku mbili kabla ya Idi, mwezi wa Aprili 2024, umeviringwa ndani ya kanga kuukuu. Aliyeuleta ni binti wa kaka yangu, mwalimu wa shule ya sekondari huko Bungoma, na aliyeletewa ni mama yangu, yaani nyanya yake. Tulikuwa tumekaa ukumbini baada ya kufuturu. Mama akaufungua taratibu kama afunguavyo kila zawadi, akaikunja kanga kwanza na kuiweka kando, maana kanga haitupwi.

Ulikuwa mkoba mweusi wa ngozi, wa kutundika begani. Ukanda wake ulikuwa umezungushiwa shanga nyekundu na nyeupe. Kifuniko kilishonewa safu mbili za kauri, kumi na nne kwa jumla. Na pale penye bizimu palining'inia kishada: njuga tatu ndogo, ushanga mmoja mkubwa wa buluu, na kipande cha ngozi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, kilichoshonwa pande zote nne. Mama akakishika kile kipande kwa vidole viwili, akakibonyeza. Ndani mlikuwa na kitu laini.

"Utoeni nje," akasema.

Msichana alicheka, akidhani nyanya yake anafanya mzaha. Mama hakuwa na mzaha. Mkoba ulilala barazani chini ya benchi, na usiku kucha njuga zake zilisikika kila ulipovuma upepo wa bahari. Asubuhi mama aliitikia salamu ya mjukuu wake, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, lakini hakuongeza neno. Siku ya Idi pili msichana akapanda basi kurudi Bungoma, mapema kuliko alivyokusudia, na mkoba akauacha palepale.

Msomaji wa pwani sina haja ya kumfafanulia alichokiona mama. Kipande cha ngozi kilichoshonwa pande nne na chenye kitu ndani, kwetu kina jina moja tu, nalo ni hirizi. Njuga nazo twazijua zilipo: ni za miguu ya wachezaji, na katika ngoma za pepo huwa na kazi nyingine. Hata neno lenyewe mkoba lina mambo yake. Leo kila mwanamke ana mkoba, lakini wazee wakisema fulani karithi mkoba hawakusudii ule wa kutilia kitana na funguo. Wanakusudia mfuko wa mganga, pamoja na dawa zilizomo na kazi yenyewe. Basi mama aliletewa mkoba, una njuga, una hirizi, na umetoka mbali. Angefikiri nini?

Isitoshe, mama ni katika watu waliosikiliza sana mawaidha ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968 hadi 1981 na aliyeandika vijitabu juu ya bid'a. Na babu yangu mzaa mama alikuwa msomaji wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui tangu siku za Al-Islah, gazeti alilolianzisha sheikh huyo hapa Mombasa mwaka 1932. Nyumba yetu haikuwa nyumba ya hirizi. Najua kwamba wanachuoni wamehitilafiana katika jambo hili: wako wanaoruhusu kilichoandikwa Kur'ani tupu, na wako wanaokataza chote, wakishika hadithi inayohesabu kutundika hirizi kuwa ni shirki. Mama yuko na hawa wa pili, na katika umri wake hajadiliwi.

Lakini msichana naye alikuwa na lake. "Shangazi, ni urembo tu," aliniambia kwa simu alipofika Bungoma. "Nimekaa wiki mbili nikiushona kwa mikono yangu. Nyanya hata hakuniuliza ni nini." Hapo ndipo palipouma. Toka siku hiyo, yule mtoto aliyekuwa akimpigia nyanya yake simu kila Ijumaa baada ya sala akanyamaza. Mei ikapita, Juni ikapita, Julai ikapita. Mimi nikawa daraja: upande huu naambiwa "msalimie", upande ule naambiwa "ahsante". Agosti, shule zilipofungwa, nikaona bora nifunge safari nikaone kwa macho yangu hii mikoba na huyo aliyeshona kile kipande cha ngozi.

Nilishika gari la moshi hadi Nairobi, kisha basi la usiku. Kulipopambazuka tulikuwa tunakaribia Webuye, kuna baridi ya kupenya mifupa, miwa pande zote mbili za barabara, na mlima Elgon umelala upande wa kaskazini kama mtu aliyejifunika shuka. Bungoma ni mji wa pirikapirika, umekaa kwenye njia ya malori yaendayo Uganda. Watu wake wengi ni Wabukusu, na salamu yao ni "Mulembe", maana yake amani, nami nikaona si mbali sana na salamu yetu. Adhana ya adhuhuri nikaisikia vizuri kutoka msikiti wa mjini. Mwenyeji wangu alinipikia wali wa nazi, nazi yenyewe ikiwa ya unga wa pakiti. Nikala nikamshukuru Mungu.

Kisa cha kupamba mikoba, alivyonieleza, hakikuanzia kwenye urembo hata kidogo. Katika chumba cha walimu mlikuwa na mikoba sita myeusi, yote ya mitumba, inafanana kama mapacha. Siku moja mwalimu mwenzake akachukua usio wake akaenda nao hadi Kimilili, na ndani mlikuwa na funguo za maabara. Siku ya pili binti yetu akafunga uzi wa shanga kwenye mshikio wa mkoba wake, basi. Wiki haikwisha, wenzake nao wakataka. Wanafunzi ndio waliokuwa wametangulia: kwenye zipu za mabegi yao hufunga vitambaa, vifungo vya koti, vidoli na vifuniko vya chupa, ili kila mmoja alijue begi lake katika rundo.

Njuga zilikuja baadaye, na sababu yake ni matatu. Mtu akikaa amebanwa, mkoba ukiwa ubavuni, mkono wa mwizi huingia bila yeye kuhisi. Njuga tatu kwenye zipu hazimkamati mwizi, lakini humtia aibu. Nilipolisikia hili nikacheka peke yangu, nikikumbuka zile njuga zilizotukesha barazani usiku wa Ramadhani, kumbe ni askari.

Sokoni, mikoba ya mitumba hutandazwa juu ya maturubai, na wanunuzi huinama kuipekua tangu asubuhi. Mpwa wangu hanunui kwa kutazama ngozi. Hutazama mishono, kisha bizimu, kisha hunusa ndani, kwa kuwa mkoba uliovunda hauponi. Mzuri aliupata kwa shilingi 300. Kisha huja kazi ya kuuandaa: kuufuta kwa kitambaa kibichi, kuupaka mafuta, kuuanika kivulini, kushona palipoachana.

Kauri ndiyo kazi yenyewe, na hapa nilikaa mchana mzima nikitazama. Kauri nzima haishoneki vizuri, maana mgongo wake ni mviringo na hubiringika chini ya uzi. Kwa hiyo mgongo huondolewa. Wengine huugonga kwa msumari, na katika kila kauri tatu huvunja moja. Yeye huusugua juu ya tupa mpaka utoboke, kisha hulainisha ukingo. Hapo kauri hulala bapa juu ya ngozi, mdomo wake wenye meno ukitazama juu, na uzi hupita ndani yake. Uzi ni ule wa mafundi wa viatu, unapitishwa kwanza kwenye nta ya nyuki ili usilowe na kuoza. Kila kauri hupigwa mishono miwili, mmoja kila ncha. Ukikaza mno ngozi huchanika, ukilegeza mno kauri hugeuka na kuonyesha tumbo. Nilijaribu moja. Ilitazama upande kama jicho la mgonjwa, na mpwa wangu akaifumua bila kusema kitu.

Vitu vya kuning'inia havifungwi kwenye ukanda, kwa sababu uzito huula. Hufungwa kwenye pete ya chuma ambamo ukanda umeshikwa. Kanuni yake ni kwamba kishada kisizidi urefu wa kidole cha kati, na ndani yake mwe na kitu kimoja tu cha kung'aa. Nadhani kanuni hiyo ni njema, kwa sababu niliiona mikoba ya wengine pale mjini isiyoifuata, na mmoja niliokutana nao kituo cha matatu ulikuwa na kidoli, kufuli, ua la plastiki, funguo zisizofungua mlango wowote, na picha ya mchezaji wa mpira. Mwenyewe alitembea kama gari la arusi.

Lakini tusiwacheke watu wa Bungoma, kwa kuwa jambo hili limezunguka dunia. Marehemu Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Ufaransa na kufariki mwaka 2023, alijulikana ujanani kwa kubeba kikapu cha kusukwa kila aendako, kama mama aendaye Marikiti. Kampuni ya Hermès ilipomtengenezea mkoba katika miaka ya 1980 ukaitwa kwa jina lake, na mikoba ya jina hilo leo bei yake ni ya gari. Yeye mwenyewe hakuuheshimu wake: aliubandika karatasi za kunata na kuufungia shanga na vitu vya kuning'inia mpaka ukaonekana wa mtu mwenye safari nyingi. Mkoba wake wa kwanza ulinadiwa Paris Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Na mwaka huohuo wasichana wa mabara yote, wa Nairobi wakiwamo, walikuwa wakining'iniza kwenye mikoba yao kidoli cha China kiitwacho Labubu, chenye masikio ya sungura na meno ya papa. Ukiniuliza mimi, kauri ni afadhali.

Kauri zenyewe mpwa wangu hununua kwa mama mmoja mtu mzima anayeuza shanga, vibuyu na ugoro. Tulipofika tukasalimiana kwa Mulembe, nami nikamwuliza bidhaa yake yatoka wapi. Akanitazama na buibui langu, akacheka.

"Mama, unaniuliza mimi? Zinatoka kwenu Mombasa."

Nikaichukua moja nikaigeuza. Ilikuwa kweli. Mgongoni ilikuwa na ile duara ya manjano kama pete, kauri ya fukwe zetu kabisa, ambayo sisi wengine twaiita kete na wengine simbi. Moja shilingi 10. Kumi na nne zilizokuwa kwenye mkoba wa mama zilikuwa shilingi 140, na zote zimetoka pwani zikapanda bara, kisha zikarudi pwani kufukuzwa nyumbani kwao.

Safari hiyo si ya jana. Tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, miongoni mwao nyumba ya O'Swald, walipakia kauri Unguja shehena kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha, mpaka zikajaa kule na thamani yake ikaanguka. Watu wa mwambao waliziokota maji yakitupa, wakazifukia mchangani hadi mnyama aoze, wakaziosha wakauza kwa kipimo. Uganda nako zilikuwa fedha, na hadi leo Mganda akisema "ensimbi" anakusudia pesa. Ziliingia huko kwa misafara ya watu wetu, na moja ya njia hizo ilipita Kwa Sundu, mji tunaouita leo Mumias, si mbali na hapo Bungoma. Mskochi Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu mwaka 1883 watu wa pwani walikuwa wamemtangulia, na Uislamu wa Mumias mizizi yake ni hiyo.

Shanga zilikuwa mtihani mkubwa zaidi kuliko kauri. Kila kabila lilikuwa na rangi yake na ukubwa wake, na mtindo ukibadilika nyuma yako, mzigo wote ulioubeba toka pwani hugeuka changarawe. Msafara wenye shanga za rangi isiyotakiwa ulilala njaa katikati ya nchi yenye chakula. Nyingi zilitoka Venice, nyingine Bohemia, na mji wa Jablonec katika nchi ya Wacheki hadi leo unatoa shanga za kioo zinazouzwa Kenya. Kwa hiyo akina mama wa bara waliokuwa wakichagua shanga kwa kuzigeuza juani ndio waliokuwa wakiwaamulia matajiri wa Ulaya rangi gani ipikwe. Hilo sikulisikia shuleni.

Mpwa wangu aliposema shanga nzuri zaidi zipo Kitale, tukaenda. Ni safari ya matatu kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, mahindi njia nzima. Kitale ndio mlango wa nchi za Wapokot na Waturkana, nao katika shanga hawana mshindani. Sokoni nilimwona mama wa Kipokot ana kibuyu cha maziwa kilichovalishwa ngozi, na kwenye ngozi hiyo safu ya kauri imeshonwa vilevile, mishono miwili kila moja, na mnyororo mdogo unaning'inia kwenye kifuniko. Mpwa wangu akanigusa kiwiko. "Shangazi, umeuona mkoba wa nyanya?" Ni kweli nilikuwa nautazama. Kabla ya mkoba wenye zipu, chombo ambacho mwanamke wa huko alitembea nacho kila siku ni hicho kibuyu, na hicho ndicho alichokipamba. Katika jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa 1974 na lenye asili yake katika mkusanyiko wa afisa mmoja Mwingereza aitwaye Stoneham, utaona vyombo na mapambo ya makabila ya pande zile, lakini mimi nilipendezwa zaidi na kile kibuyu kilichokuwa na maziwa ndani.

Pale Kitale wenyeji husimulia pia kwamba mji wao ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na kuna duara la mawe ambalo inasemekana watu walifungiwa humo. Sisi wa pwani hupenda kusimulia kwamba misafara ilipeleka shanga na kauri, na hadithi yetu huishia hapo kwa kwenda. Hatusimulii sana iliyorudi imebeba nini. Mama wa vibuyu hakunitajia hilo, wala mimi sikulitaja, ila wakati wa kurudi sikuwa na maneno mengi ndani ya matatu.

Karibu na Bungoma gari likasimama kupisha kundi la vijana wanaokimbia. Ulikuwa mwaka wa tohara. Wabukusu hutahiri kila mwaka wa pili, miaka ya shufwa, mwezi wa Agosti, na kijana anayejiandaa huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, shanga zimempita kifuani msalaba, mikononi ana njuga za chuma ziitwazo chinyimba anazozigonga kwa mdundo mmoja tangu asubuhi mpaka jioni. Sauti yake haisahauliki. Mpwa wangu aliniambia ile sauti ndiyo iliyomtia hamu ya njuga kwa mara ya kwanza, mwaka wa 2022, ingawa zake ni za dukani, ndogo, na hazialiki mtu. Nikamwambia neno hili la tohara asimfikishie nyanya yake, maana linahitaji maelezo marefu.

Siku ya mwisho ndipo tulipokwenda kwa fundi. Ni fundi wa viatu, mtu wa makamo, amekaa chini ya mwavuli uliofifia karibu na kituo cha magari. Nilimwonyesha kile kipande cha mraba, nilichokikata mimi mwenyewe kutoka kwenye mkoba kabla sijaondoka Mombasa na kukisafirisha ndani ya soksi. (Ndiyo, nilikiogopa. Miaka yangu hamsini na saba, na nilikiogopa.)

Akakitambua mara moja. "Hii ni kazi yangu."

"Ndani umetia nini, fundi?"

"Godoro."

Nikadhani sikusikia. Akavuta boksi lake akanionyesha: vipande vya ngozi ya viatu vilivyobaki, na sifongo ya godoro iliyokatwakatwa. Ngozi tupu, alisema, ikining'inia hujikunja kama jani kavu. Ukitia sifongo hukaa imevimba, inapendeza. Umbo lenyewe alilipata wapi? Akasema miaka kadhaa nyuma ulikuja mkoba katika mtumba, una vipande kama hivyo vimepangwa ukingoni, akaupenda, akauiga. Akautafuta nyuma ya boksi, akautoa, umechoka sana. Mimi nilivyoutazama, ngozi nyekundu na mishono ya rangi, ulifanana na kazi ya Afrika Magharibi, ambako hirizi za ngozi ni jambo la kila mahali. Basi kwa dhana yangu mtu wa huko alishona hirizi au mfano wa hirizi, mtalii akanunua mapambo, Ulaya wakachoka nayo wakaitia katika mitumba, na fundi wa Bungoma akaona umbo zuri tu. Na lilipofika Mombasa likarudia maana yake ya kwanza.

Nilitaka kuishia hapo, maana jibu lilikuwa limepatikana. Lakini fundi akaongeza, huku akipitisha uzi kwenye nta: "Ila mama, nisikufiche. Wako wanaokuja wakaniambia, usishone upande wa nne. Huo wanashona wenyewe nyumbani."

"Wanatia nini?"

"Siulizi. Mimi nashona pande tatu."

Tulitazamana na mpwa wangu. Hakuwa akilijua hilo. Njiani kurudi nyumbani alikuwa kimya, na jioni akatoa mikoba minane iliyokuwa tayari kwa kuuzwa, akachukua wembe, akaanza kukata vile vipande kimoja baada ya kingine. Nikamwambia vyake ni sifongo tupu, hana lawama. Akasema, "Najua, shangazi. Lakini anayeviona barabarani hajui." Sikumfundisha mimi neno hilo, na wala nyanya yake hakuwapo.

Niliporudi Mombasa nilimkuta mama barazani. Mkoba ulikuwa ungali pale chini ya benchi, umeingia vumbi, na paka alikuwa ameanza kuulalia. Nikatoa kile kipande na mkasi, nikakipasua mbele yake. Sifongo ya manjano ikatoka, imekunjamana. Akaishika, akainusa, akaitazama kwa muda.

"Godoro," akasema.

"Godoro, mama."

Nikamweleza habari ya fundi, na upande wa nne, sikumficha. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua kama anasikitika au anasema "niliwaambia". Nikamweleza njuga ni za wezi wa kwenye matatu. Hilo lilimpendeza. Akaipiga moja kwa kidole, akasema moja inatosha, mbili zikatwe, tusije tukaonekana wapiga ngoma. Nikazikata. Kisha nikamweleza vile vipande vinane na wembe, akauvuta mkoba mapajani, akaupangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaanza kuzihesabu kauri kwa kidole gumba, moja moja, kama anayevuta uradi.

"Hizi kazinunua kiasi gani?"

"Shilingi kumi."

"Zote?"

"Moja."

Mama akauweka mkoba chini. "Kumi! Moja!" Tulipokuwa wadogo, akasema, maji yakitupa Nyali tulikuwa tukijaza kikapu, tukichezea, zikituchosha tukizimwaga. Akataka nimtafutie simu. Nilitaka kumwambia kwamba bahari ya Nyali siku hizi imo katika hifadhi, tangu mwaka 1986, na kuokota kauri humo ni marufuku, lakini kule Bungoma simu ilikuwa imekwisha kupokewa, na mama alikuwa akimwuliza mjukuu wake kwa sauti ya juu ni mjinga gani anayenunua kete kwa fedha.